Siku Thelathini za Mfanyakazi Aliyesema Kweli

Barabara ya lami itokayo Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 66 hivi. Huanzia katika baridi ya Umatengo, kati ya mashamba ya kahawa, kisha ikateremka kwenye miteremko mikali hadi kulifikia joto la mwambao wa Ziwa Nyasa. Ni matunda ya ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo iliidhinisha mchango wake mwaka 2015. Barabara hiyo inapoishia, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania imeanzisha ujenzi wa bandari mpya, itakayotazamana na Nkhata Bay ya Malawi ng'ambo ya maji. Wilayani Nyasa na Mbinga kuna pia miradi ya maji, makalavati, vivuko na majengo ya umma. Kazi zote hizo zina jambo moja linalofanana: mwenye mali ni umma, lakini achanganyaye zege si mtumishi wa umma. Ni mwajiriwa wa mkandarasi, au wa mkandarasi mdogo aliye chini ya mkandarasi mkubwa.

Makala hii haimtuhumu mtu wala mradi wowote. Inauliza swali ambalo kila familia yenye mtu kwenye kazi za aina hiyo ingefaa kulijua jibu lake kabla ya siku ya haja: mfanyakazi wa mkandarasi akiona mali ya umma inaibwa, au kazi inafanywa vibaya kwa makusudi, na akasema, sheria inamlinda vipi?

Jicho lililo karibu

Mkaguzi hufika kwa ratiba. Mhandisi mshauri huja kuangalia hatua fulani ya kazi, akatia saini, akaondoka. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukuta makaratasi baada ya fedha kwisha kutoka. Lakini mtunza stoo ndiye ajuaye mifuko ya saruji iliyoingia asubuhi na iliyotoka jioni. Dereva wa roli ndiye ajuaye lita za dizeli alizotiliwa na lita alizoandikiwa. Fundi wa maabara ndiye avunjaye matofali ya majaribio ya zege, siku ya 7 na siku ya 28, ili kupima nguvu yake; akiandika namba isiyo ya kweli, daraja litasimama juu ya uongo huo kwa miaka mingi.

Tena mambo ya ujenzi yana tabia ya kujificha. Kifusi kisichoshindiliwa sawasawa hufunikwa na kokoto, kokoto ikafunikwa na lami, na lami ikang'aa siku ya uzinduzi. Kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi huwajibika kurekebisha kasoro kwa gharama zake, kwa kawaida huwa mwaka mmoja. Masika mawili au matatu baadaye, maji yateremkayo kutoka milima ya Umatengo yakilibomoa kalavati, mkandarasi amekwisha hamisha mitambo yake, na mgonjwa wa Liuli au Lituhi anasubiri ng'ambo ya korongo. Kwa hiyo taarifa ya mfanyakazi, ikitolewa wakati zege lingali bichi, ina thamani kuliko ripoti nzuri iliyoandikwa baada ya maafa.

Je, huo ni umbea?

Wapo watakaosema kwamba kupeleka habari za kazini nje ni kusengenya, na kwamba mla chumvi ya mwajiri hamwaibishi mwajiri. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani dini yetu imekemea vikali kupelelezana na kusengenyana, kama ilivyo katika aya ya 12 ya Suratul-Hujurat. Lakini aya ya 283 ya Suratul-Baqara imekataza kuficha ushahidi, na aya ya 135 ya Suratun-Nisaa imewataka waumini wausimamie uadilifu hata pale ushahidi unapowagusa wao wenyewe, wazazi wao au jamaa zao. Imamu Nawawi, katika Riyadhus-Swalihin, alizitaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa aibu yake asipokuwepo, na miongoni mwake ni kumshitaki dhalimu mbele ya mwenye mamlaka na kuwatahadharisha watu na shari.

Tofauti iko katika mambo matatu: unasema nini, unamwambia nani, na kwa nia gani. Anayeyasimulia ya stoo kijiweni ili kumchafua foromeni aliyemkemea jana, huyo ni msengenyaji. Anayepeleka alichokiona kwa macho yake kwa chombo chenye mamlaka, bila kuongeza wala kupunguza, huyo ni shahidi. Inavutia kwamba sheria za nchi zimeupita mstari huo huo, kama tutakavyoona.

Sheria tatu zinazoshikana mikono

Ya kwanza ni Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 39 kinamtaka kila mtu ajuaye kwamba kosa la rushwa limetendwa, au linakusudiwa kutendwa, atoe taarifa TAKUKURU. Zingatia, ndugu msomaji: kutoa taarifa hapa si hisani, ni wajibu. Sheria hiyo hiyo imeweka pia masharti ya kulificha jina la mtoa taarifa.

Ya pili ni Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Hii haikutungwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali peke yao. Inamzungumzia mtu yeyote. Mtu huyo anaweza kutoa taarifa kwa maslahi ya umma pale anapoamini kwa sababu za msingi kwamba uhalifu umetendwa au unaelekea kutendwa, kwamba sheria inakiukwa, kwamba afya au usalama wa watu uko hatarini, kwamba mali ya umma inafujwa, au kwamba mazingira yanaharibiwa. Akifanya hivyo kwa nia njema, na kwa mamlaka husika, sheria inakataza alipiziwe kisasi kwa kufukuzwa, kusimamishwa, kubaguliwa, kusumbuliwa au kutishwa. Kinga hiyo haimfuniki mtu asemaye jambo analojua kuwa ni la uongo.

Ya tatu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayowahusu waajiriwa wa kampuni binafsi Tanzania Bara, na kwa hiyo waajiriwa wa wakandarasi. Kifungu cha 37 kinazitaja sababu ambazo kamwe haziwezi kuwa halali za kumwachisha mtu kazi. Mojawapo ni kwamba mfanyakazi ametoa habari ambayo sheria hiyo, au sheria nyingine yoyote, inamruhusu au inamtaka aitoe. Nyingine ni kwamba amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana haki kisheria kumtaka alifanye. Fundi wa maabara aliyeachishwa kazi kwa sababu amekataa kuandika namba ya uongo anaingia humo moja kwa moja.

Sasa ziweke sheria hizo pamoja. Ile ya 2007 inakuwajibisha kusema. Ile ya 2004 inamkataza mwajiri kukuachisha kazi kwa kuwa umesema ulichowajibishwa kusema. Zaidi ya hayo, kifungu cha 39 cha sheria ya ajira kimempa mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki. Si wewe uthibitishe kuwa umeonewa. Ni yeye athibitishe kuwa hakukuonea.

Mlango ulio sahihi

Hapa ndipo wengi huteleza. Kinga ya sheria ya 2015 imefungamana na neno "mamlaka husika", yaani mtu au chombo chenye madaraka juu ya jambo lenyewe. Rushwa ina TAKUKURU, yenye ofisi wilayani na namba ya bure 113. Hatari kazini ina OSHA. Uchafuzi wa ziwa au mito una NEMC. Wizi una polisi. Kiongozi wako wa kazi naye anaweza kuwa mlango, isipokuwa pale ambapo yeye ndiye mwenye tuhuma. Kwa mradi unaofadhiliwa na benki ya kimataifa kuna mlango wa ziada: Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa mfano, imekuwa na sera ya watoa taarifa tangu mwaka 2007, na inao uwezo wa kuifungia kampuni isipate kandarasi za fedha zake.

Mwanasiasa jukwaani, kundi la WhatsApp na mwandishi wa habari si mamlaka husika. Tunalisema hili sisi tulio katika kazi ya magazeti, tena bila kusita: gazeti hili litapenda kuzijua habari zako, lakini haliwezi kukupa kinga ambayo sheria imeiweka penginepo.

Gharama ya kukosa mlango ilionekana kwa majirani zetu. David Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alishangaa kuona fedha nyingi zikilipwa kwa kampuni ya Goldenberg kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, madini ambayo Kenya haikuwa na hazina yake ya kutajika. Nyaraka zikawafikia wanasiasa wa upinzani, zikafika Bungeni, na kashfa ikalipuka. Munyakei alikamatwa mwaka 1993, na kazi yake ikaishia hapo. Akahamia Mombasa, akasilimu, akaoa huko na kujaribu kuanza maisha upya. Mwaka 2004 alitunukiwa nishani ya kimataifa ya uadilifu. Mwaka 2006 akafariki akiwa fukara. Hakuwa na sheria ya kumlinda nyakati zile. Nasi tunayo, basi tusiikose kwa kubisha hodi nyumba isiyo yake.

Siku 30, na pengo la miezi sita

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ijulikanayo kwa kifupi CMA. Siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa. Anaweza kuomba kusikilizwa nje ya muda, lakini atatakiwa kutoa sababu nzito, na Tume si lazima imkubalie. Ofisi ya mkoa iko Songea, takriban kilomita 100 kutoka Mbinga, na mbali zaidi kwa mtu wa Mbamba Bay. Mtu huwaza: nitasubiri kidogo, pengine bosi ataghairi, nimalize kuvuna kwanza, nipate nauli. Mwezi unapita. Haki haikunyimwa na mtu. Imekufa kwa kuchelewa.

Sheria ya 2004 ilipotungwa ilitoa njia tatu kwa aliyeachishwa isivyo halali: kurejeshwa kazini bila kupoteza mshahara, kuajiriwa upya kwa masharti yatakayowekwa, au kulipwa fidia. Hakuna hata moja kati ya hizo impatayo aliyekaa kimya siku 31.

Kisha lipo pengo. Kifungu cha 35 kinasema kwamba masharti ya uachishaji usio wa haki hayamhusu mfanyakazi aliyemtumikia mwajiri huyo chini ya miezi sita. Na ni nani asiyejua kwamba vibarua wengi wa barabara na bandari huajiriwa kwa siku, kwa wiki, au kwa miezi mitatu mitatu? Kibarua wa mwezi wa nne anaona yale yale ayaonayo fundi wa miaka mitano, lakini mlango wa CMA haujafunguka kwake kwa suala hili. Kimbilio lake ni sheria ya 2015, isiyouliza umefanya kazi miezi mingapi. Kwa hiyo yeye, kuliko mwingine yeyote, ahakikishe taarifa yake imefika kwa mamlaka husika na imeandikwa kabla hajaambiwa kesho usije.

Wenzetu wamefanya nini

Afrika Kusini ilitunga sheria yake ya kulinda utoaji taarifa mwaka 2000, na ndani yake ikasema kwamba sharti lolote la mkataba wa kazi linalomziba mtu mdomo asitoe taarifa hizo ni batili. Mwaka 2017 iliipanua iwahusu pia wakandarasi binafsi, washauri, na wafanyakazi wanaoletwa na mawakala. Uganda, kwa sheria yake ya 2010, inamwahidi mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa. Marekani ilianza mapema zaidi: mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wafanyabiashara walikuwa wakiliuzia jeshi bidhaa mbovu, ikatungwa sheria ya kumruhusu raia kumshitaki mdanganyifu kwa niaba ya Serikali na kupata sehemu ya kitakachorudishwa. Mwaka 2013 nchi hiyo ilipanua kinga dhidi ya kisasi kwa waajiriwa wa wakandarasi wa Serikali na wa wakandarasi wadogo, kwa majaribio. Mwaka 2016 ikaifanya ya kudumu.

Hata hivyo, karatasi peke yake haizuii risasi. Mnamo Agosti 2021, Babita Deokaran, ofisa wa fedha katika idara ya afya ya jimbo la Gauteng, aliyekuwa ametilia shaka malipo ya hospitali moja, aliuawa nje ya nyumba yake mjini Johannesburg. Sheria ya mwaka 2000 ilikuwapo, na marekebisho ya 2017 yalikuwapo. Kilichokosekana ni watu wa kumlinda mtu mwenyewe.

Nyumbani, kabla ya kusema

Kilichompata Deokaran kinatufundisha kwamba jambo hili si la mfanyakazi peke yake. Katika mji mdogo kama Mbamba Bay, jina linaweza kufichwa na bado mtu akajulikana, kwani kama waliokuwepo kwenye kipimo ni watatu, mwajiri hahitaji mpelelezi. Mke au mume apaswa kujua, na kujua mapema. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Waliokuwa wakigawana naye chai ya saiti watamkwepa, na kitakachobaki ni nyumba yake.

Yapo mambo ambayo familia inaweza kuyatayarisha. Mkataba wa kazi, hati za mshahara na kitambulisho cha kazi viwekwe mahali salama nyumbani, si kwenye kabati la saiti. Mfanyakazi aandike katika daftari lake tarehe, saa, namba ya gari na alichokiona yeye mwenyewe, akitenganisha alichoona na alichosikia, kwani aya ya 6 ya Suratul-Hujurat imetutaka tuihakikishe habari kabla ya kuitenda. Asiibe nyaraka za ofisi. Aseme zilipo, na wenye mamlaka watazifuata. Akitoa taarifa kwa mdomo, ahakikishe inaandikwa na anasomewa kabla ya kutia saini, na aweke kumbukumbu ya siku na ofisi aliyopokelewa. Akiachishwa kazi, adai barua, kisha mwenzi wake azihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Nauli ya Songea iwekwe kando kama inavyowekwa ada ya mtoto.

Jamii nayo ina sehemu yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni ya bure. Imamu na wazee wa msikiti wakijua jina la msaidizi wa kisheria wa wilaya yao, wamefanya kazi kubwa. Familia iliyopoteza mshahara kwa ajili ya kusema kweli, ikiwa imeingia katika ufukara au madeni, ina nafasi yake katika zaka kwa masharti yanayojulikana. Wala jamii isiwe ya kwanza kumwita mtu huyo msaliti. Katiba yetu, ibara ya 27, imeweka kulinda mali ya umma kuwa wajibu wa kila mtu. Aliyeutimiza hakumsaliti yeyote.

Watunga sheria nao wanayo ya kufanya. Pengo la miezi sita lizibwe kwa mtu aliyeachishwa kwa sababu ya taarifa, maana kisasi hakingojei miezi sita. Kila kandarasi ya umma iwe na sharti la kumfunga mkandarasi, na wakandarasi wadogo walio chini yake, wasimguse mtoa taarifa. Na kila bango la mradi, lile linaloandikwa jina la mkandarasi, mshitiri, mhandisi mshauri na gharama, liongezwe mstari mmoja tu wenye namba ya TAKUKURU na anwani ya CMA ya mkoa. Rangi yake haitazidi kopo moja.

Wakulima wa Umatengo hulima kwa ngoro, mashimo yanayopangwa safu kwa safu juu ya mteremko, kila shimo likizuia maji yake. Tuta la shimo moja likibomoka, maji hushuka kwa la pili, la pili likalemewa, na mwisho udongo wa mlima mzima huishia mtoni. Mali ya umma huporomoka kwa namna hiyo hiyo, kimya cha mmoja kikimlemea mwenzake. Mfanyakazi wa mkandarasi ni tuta mojawapo. Sheria imempa udongo wa kujihami, ingawa si mwingi kama tungependa, na imempa siku 30. Azijue siku hizo yeye, mwenzi wake na majirani zake, kabla hazijaanza kuhesabiwa.